Karamu ya Arusi ni ya Nani?

Siku za karibuni alitujia mzee mmoja wa Liganga, kule Ludewa katika mkoa wa Njombe. Alitusalimu kwa "Tumsifu Yesu Kristu", akaketi, kisha akanyamaza kitambo, kama mtu aliyebeba mzigo asijue autue wapi. Binti yake wa pili ameposwa. Mahari imekwisha pokewa, wazee wa pande zote mbili wamekwisha kula pamoja, na wachumba wenyewe wamemaliza mafundisho ya ndoa. Lililobaki ni karamu. Na karamu hiyo ndiyo iliyomleta kwetu.

Shauri la mzee lilikuwa hili. Jumapili moja kabla ya arusi, baada ya Misa, ndugu na majirani wakusanyike uani kwake, chini ya miti. Mbuzi wawili wachomwe kwenye makaa, papikwe ugali na viazi na mboga, pawepo togwa kwa wasiotumia kileo. Watu wakae mikekani na kwenye mabenchi, wale, waimbe, wambariki binti yao, na kabla ya jua kuzama kila mtu awe amerudi kwake. Jumamosi ifuatayo waende kanisani. Na chakula cha mchana kwa wazazi wa bwana arusi kiwe ndicho mwisho wa shughuli.

Ndugu zake hawakupendezwa. Walitaka ukumbi mjini Njombe, au huko Makambako penye barabara kuu na reli. Walitaka kamati, vikao vya kila Jumapili, kadi za kupigwa chapa, muziki wa kukodi, na mshereheshaji wa kulipwa. Walitaka shughuli ya kumwaga binti peke yake, na ya arusi peke yake, kila moja na ukumbi wake. Mdogo wake akamwambia mbele ya watu kwamba kumwaga binti kwa mbuzi wawili ni kuwaibia ukoo heshima yao. Neno hilo lilimchoma mzee. Akatuuliza: "Padre, nikifanya karamu ndogo, je, ninamwibia mtu?"

Wasomaji wapenzi, twaomba swali hili lisipuuzwe. Familia nyingi za nchi yetu zimo katika shida hiyohiyo leo, na wengi huwaamulia wengine pasipo kuuliza lililo haki. Wako wanaosema karamu kubwa ni dhambi, nao hukosea. Wako wanaosema karamu ndogo ni aibu, nao hukosea zaidi. Na tuliangalie jambo lenyewe polepole.

Kwanza tuulize: ni nini kinachoifanya ndoa iwe ndoa? Tangu Mtaguso wa Trento, uliotoa amri yake juu ya jambo hili mwaka 1563, Kanisa ladai kwamba wachumba wapeane ukubali wao mbele ya paroko, au mwingine aliyepewa mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yashika neno hilohilo. Hesabu basi: bwana arusi, bibi arusi, mhudumu wa Kanisa, mashahidi wawili. Ni watu watano. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, nayo yataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye kizuizi apate kukitaja. Na hiyo ndiyo maana ya matangazo yasomwayo kanisani Jumapili kwa Jumapili. Hakuna sheria, ya Kanisa wala ya Serikali, itajayo ukumbi. Hakuna itajayo keki. Wachumba waliokosa vyote hivyo, wakapeana neno lao kwa hiari mbele ya mashahidi, wameoana kama walivyooana wafalme.

Lakini hapo mtu atasema: "Basi na tusiwe na karamu kabisa, twende kanisani asubuhi, na mchana turudi shambani." Huyo naye ameruka mpaka. Watu watano watosha kuifunga ndoa, lakini hawatoshi kuifurahia wala kuilinda. Bwana wetu Yesu Kristu alipoanza ishara zake hakuanza hekaluni wala jangwani, bali arusini, Kana ya Galilaya. Na alipoona divai imekwisha hakuwahubiria wageni juu ya kiasi. Mtakatifu Yohane atuambia kwamba palikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja wa nzio mbili au tatu, nayo ikajazwa mpaka juu. Ukiugeuza ujazo huo kwa vipimo vyetu, wapata kati ya lita 480 na 700 hivi. Hicho si kipimo cha mtu mchoyo! Mwenyezi Mungu haionei wivu furaha ya watu wake, na mwenye kuikunjia uso karamu ya arusi hawezi kusema amejifunza hayo katika Injili.

Tena wazee wetu walijua jambo hili kabla hatujaisoma Injili. Vilima vya Liganga vina mawe ya chuma, na Wapangwa wa nchi ile walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuru za udongo, wakifua majembe yaliyokwenda mbali. Jembe lilikuwa chombo cha shamba. Tena lilikuwa mahari. Mtu alipopeleka majembe kwa wakwe hakupeleka bei ya mtu. Alipeleka ushuhuda unaoshikika mkononi kwamba koo mbili zimefungana. Na ushuhuda huo ulitolewa mbele ya watu, watu wakala na kunywa, ili siku ya ugomvi asiwepo wa kusema "sikujua". Karamu ilikuwa daftari la ukoo. Kila aliyekula alikuwa ameandikwa humo kuwa shahidi.

Twarudi kwa mzee wetu. Tulipomwuliza mama wa binti asemaje, akajibu kwamba mama hakusema neno vikaoni, ila siku moja usiku alimwambia hivi: "Mimi sitaki ukumbi. Ila sitaki ionekane nimemtoa mwanangu gizani, kama mtu aliyefukuzwa." Twakiri kwamba neno la mama huyu lilitugusa kuliko maneno yote ya kamati. Yeye amekiona kiini cha jambo. Anachodai si fahari. Anadai mashahidi, na haki ya binti yake ni kuondoka nyumbani mchana, mbele ya macho ya wanaompenda, akiwa amebarikiwa na mikono ya wazee wake. Mzee akimnyima hayo kwa ajili ya kubana fedha, hapo kweli atakuwa amemwibia. Lakini je, karamu ya uani itamnyima hayo? Sisi twaona itampa zaidi. Ukumbini watu hukaa kwa safu, mbali na bibi arusi, wakimtazama jukwaani kama picha. Bibi mzee wa kijijini hawezi kupanda gari la saa kadhaa kwenda Njombe na kurudi usiku. Chini ya mti wa nyumbani bibi huyo atakaa karibu, atamshika mjukuu wake mkono, atamwambia maneno yasiyohitaji kipaza sauti.

Sasa tuje kwenye neno "heshima", ambalo ndugu wa mzee walilishika kama ngao. Wanafalsafa wa kale walilipima jambo hili kwa makini. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu chake cha maadili alichokiandika kwa ajili ya watu wa Athene na si kwa ajili yetu, alifundisha kwamba iko fadhila ya kutumia mali nyingi kwa jambo kubwa, nayo arusi aliitaja miongoni mwa mambo yanayostahili matumizi hayo, kwa kuwa hutokea mara moja. Lakini alitaja pia kosa la mtu asiyejua kipimo: yeye huwaandalia rafiki zake chakula cha kawaida kana kwamba ni karamu ya arusi. Kosa lake si kwamba ametumia fedha, bali ametumia mahali pasipotaka, ili aonekane. Je, hatumfahamu mtu huyo? Siku hizi si arusi tu yenye ukumbi. Kuna shughuli ya kuvalishana pete, kuna shughuli ya akina mama ya kumfunda binti na kumpa vyombo, kuna ya kumwaga binti. Na kila mojawapo imekuwa arusi nyingine, yenye sare zake na kadi zake. Ndoa moja yazaa arusi tatu au nne, na wachumba wafika altareni wamechoka kama watu waliotoka safarini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyemfuata Aristotle katika mengi, aliongeza neno lenye faraja kwa wakulima wetu. Yeye auliza kama maskini aweza kuwa na fadhila hiyo ya matumizi makuu, ilhali hana cha kutumia. Ajibu kwamba tendo kuu la fadhila ni uchaguzi wa moyoni, nao waweza kuwapo hata mtu asipokuwa na mali ya nje. Wahenga wetu walisema jambo hilo kwa ufupi: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi mzee mwenye mbuzi watano akichinja wawili kwa furaha, pasipo kunung'unika, ametenda kwa ukuu kuliko tajiri aliyelipia ukumbi kwa fedha asizozihisi. Na kinyume chake: mzee huyohuyo akikopa apate kuonekana tajiri kwa saa sita, hajaongeza ukuu wowote, amejivika tu vazi la kuazima, na kesho mwenye nguo atakuja kuitaka.

Heshima ya ukoo basi yakaa wapi? Tungewauliza wale ndugu: mwaka uliopita mlikwenda arusi ngapi, nanyi mwakumbuka nini? Hakuna anayekumbuka rangi ya mapazia. Lakini kila mmoja hukumbuka nyumba ambayo alipokewa vema na nyumba ambayo alisahauliwa kona. Heshima ya mwenye karamu hutoka katika namna anavyomtazama mgeni wake wa mwisho.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni michango. Hapa mama wa binti alikuwa na daftari la namna nyingine. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi ameandika humo kila shilingi aliyochangia katika arusi za watoto wa wengine: kwa shemeji, kwa jirani, kwa mwenzake wa jumuiya. Ndugu wa mumewe wakalifungua wakasema: "Tazama. Hizi zote zatakiwa kurudi. Ukifanya karamu ya uani bila kamati, wamwibia mkeo." Hoja hiyo si ya kipuuzi. Mtu aliyesaidia wengine kwa miaka mingi, siku yake inapofika, ana haki ya kutarajia kwamba hataachwa peke yake. Asiyeona hivyo hajui maisha ya kijijini, ambako watu wameishi kwa kulimiana, kuzikana na kuozeshana.

Lakini tupambanue. Msaada wa jirani kwa jirani ni kitu kimoja, na deni ni kitu kingine. Zamani jirani alileta alichokuwa nacho: debe la mahindi, kuku, mzigo wa kuni, au mikono yake ya kuteka maji na kusonga ugali. Mchango ulikuja pamoja na mchangiaji. Siku hizi kadi huja na kiwango kilichokwisha pangwa, mtu mmoja kiasi hiki, mume na mke kiasi hiki. Na tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu nchini mwetu, mwaka 2008, hata anayeishi mbali hufikiwa na ujumbe wa kukumbushwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Hatusemi simu ni mbaya. Imewawezesha watoto wa Liganga walio Dar es Salaam kumsaidia mama mgonjwa siku ileile. Twasema tu kwamba chombo kinachorahisisha kutoa hurahisisha pia kudai.

Na matokeo yake ni haya, ambayo mapadre wengi wameyaona kwa macho. Shangazi mjane aliyemlea bibi arusi alipokuwa mdogo ametoa alichoweza, lakini hakikufikia kiwango. Basi hakupewa kadi. Mtu asiyemjua bibi arusi hata jina, ila ni mkubwa ofisini kwa mjumbe wa kamati, ametoa zaidi ya kiwango. Basi amewekwa meza ya mbele. Hapo ndipo tunapomjibu mzee wetu. Ulituuliza, Mzee, kama karamu ndogo humwibia mtu. Twakujibu: wizi umekwisha tendeka kwenye mlango wa ukumbi ule, shangazi alipobaki nje. Bwana wetu, katika Injili ya Mtakatifu Luka, alimwambia mwenyeji wake asialike wale tu wawezao kumwalika tena, bali awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kumlipa. Karamu ambayo kila aliyemo amelipia kiti chake haijawa karamu bado. Ni duka la chakula lenye muziki.

Basi daftari la mama lifanywe nini? Sisi hatumshauri alitupe kwa hasira. Alichotoa kilikuwa chema, na Mungu amekihesabu. Ila akumbuke alitoa kwa ajili gani. Alitoa ili watoto wa watu waanze maisha, si ili wenye kumbi walipwe. Basi wale wanaotaka kumrudishia, na wasizuiwe. Lakini warudishe pale penye haja. Nyumba ya vijana yahitaji bati, godoro, majembe, mbegu ya viazi, miche ya parachichi, sufuria. Aliye na fedha atoe bati mbili. Asiye na fedha aje siku moja kufyatua tofali. Namna hii wema wa mama umerudi, na umerudi kwa aliyestahili, yaani binti yake. Mwenye kuwanyima ndugu nafasi ya kutoa huwakosea. Mwenye kuwapangia kiwango huwakosea pia. Karamu ya uani yaweza kuepuka makosa yote mawili, maana huko kila mtu aweza kuja na kitu mkononi, au mikono mitupu, na asihesabiwe.

Kuna sababu nyingine iliyotufanya tuandike, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Arusi ya binti huyu imekwisha ahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza walisema mavuno yangojewe. Mara ya pili walisema kiasi kilichowekwa na kamati hakijatimia. Mzee alitwambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa. Sisi twajua anachoogopa, nanyi wasomaji mwajua. Ni vijana wangapi katika parokia zetu wanaoishi pamoja miaka mitano, miaka kumi, wenye watoto, wasioweza kupokea Komunyo Takatifu, na ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa, wajibu: "Padre, bado twajipanga"? Hawakatai Sakramenti. Wanaiogopa karamu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliliona jambo hili: kwamba maandalizi hugeuka kuwa mialiko, mavazi na karamu, hata wachumba wafike wamechoka, na kwamba wako wanaoishi pamoja bila kuoana kamwe kwa sababu ya gharama za sherehe. Akawasihi vijana wawe na ujasiri wa kuwa tofauti na wengine.

Watu wa Liganga wajua kungoja ni nini. Chuma kilicho chini ya vilima vyao hukadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni 100. Mkataba wa kukichimba ulitiwa sahihi mwaka 2011 kati ya Shirika la Taifa la Maendeleo na kampuni ya Kichina, na miaka mingi ikapita watu wakingoja. Chuma chaweza kungoja. Kimengoja tangu dunia iumbwe, nacho hakiozi. Kijana na binti hawawezi kungoja hivyo. Upendo unaoambiwa "subiri mpaka fedha itimie" hutafuta njia yake ya pembeni, na anayelaumiwa baadaye ni kijana, wala si kamati. Twasema kwa upole lakini kwa uwazi: kuwachelewesha watu kuifikia neema ya Mungu kwa sababu ya ukumbi ni jambo zito, na watakaoulizwa juu yake ni wengi.

Basi, Mzee wetu, fanya karamu yako. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa ni ya uani yaweza kufanywa ovyo. Udogo si uzembe. Ili mtu asiseme umefanya kwa uchoyo, angalia mambo haya.

Alika kwa mdomo wako mwenyewe, au kwa mdomo wa mwanao. Usitume habari za kusikia. Anza na wale ambao ni rahisi kuwasahau: mjane, mgonjwa, kibarua aliyekulimia, na yule ndugu mliyekosana. Ndugu aliyekutolea maneno makali kikaoni, mpe kazi yenye heshima. Yeye awe msimamizi wa nyama. Mtu hawezi kuisema vibaya karamu aliyoichoma kwa mkono wake.

Wafikirie majirani wasio wa dini yetu. Ndugu zetu Walutheri ni wengi mkoani Njombe, nao watakuja kuimba nawe. Ikiwa unao majirani Waislamu, mwombe mmoja wao awachinje mbuzi, kama desturi njema ya nchi yetu ilivyo. Na aliye na nyama ya nguruwe aipike mbali, kwa vyombo vyake, au aiache kwa siku nyingine. Ni jambo dogo, lakini jirani asiyeweza kula nyumbani mwako hujiona mgeni hata kama amepewa kiti.

Angalia majira. Nchi ya Njombe ina mvua tangu Novemba hata Aprili. Ukipanga siku hizo, azima turubai, wala usimtegemee mtabiri. Ukipanga Juni au Julai, mvua haipo, lakini baridi yenu yajulikana nchi nzima. Basi watu wale mchana jua likiwapo, na wazee wakae mahali pasipo upepo. Moto uwashwe mbali na nyasi kavu na miti ya misonobari, na awepo mtu mzima wa kuulinda mpaka majivu yapoe. Furaha ya nyumba moja isiteketeze shamba la jirani.

Kinywaji kiwe na kipimo. Ulanzi ni kinywaji cha mababu, hatuwezi kuulaani. Lakini bibi arusi asiagwe na watu wanaoyumba, wala watoto wasione baba zao wakidondoka. Togwa na maji safi yawe tele, na mwenye kukataa kileo asiombwe sababu.

Akina mama wasifungwe jikoni kutwa. Hili twalisema kwa kuwa tumeona karamu nyingi ambamo nusu ya watu hufurahi na nusu hutumika. Vijana wa kiume wateke maji, wabebe kuni, waoshe sufuria. Kama mama wa binti hakupata nafasi ya kuketi kando ya mwanawe, karamu imekosa kusudi lake.

Kabla watu hawajaanza kula, mkate fungu la wasiokuja: mgonjwa aliye kitandani, bibi asiyeweza kutembea. Mtoto atumwe na sahani hiyo kwanza, ingali na moto.

Na katikati ya hayo yote, uwepo wakati wa kunyamaza. Wazee wambariki binti. Baba aseme maneno machache, hata yakiwa matatu. Mama aseme yake. Hayo ndiyo watu waliyokuja kuyashuhudia. Kisha ngoma ipigwe.

Kwa wale wenye mali tuna neno pia, wasije wakadhani tumewahukumu. Ukiwa na uwezo wa karamu kubwa, nawe huna deni la mtu, wala hukumlazimisha maskini kukuchangia, wala hukumwacha mjane mlangoni, fanya; mitungi ya Kana haikuwa midogo. Lakini jua kwamba jirani yako asiye na uwezo anakutazama, na mtoto wake anamwambia, "Baba, mbona sisi?" Mwenye nguvu akichagua kiasi kwa hiari yake humfungulia mlango mnyonge, nao hao wawili waweza kuoza watoto wao mwaka mmoja bila aibu. Mfano mmoja wa tajiri mwenye kiasi wafaa kuliko mahubiri yetu kumi.

Mzee aliposimama kuondoka alituuliza tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha asikosee njia: "Basi, Padre, mbuzi wawili watatosha?" Tukamwambia: kama wageni ni wengi, chinja wa tatu, na kama huna wa tatu, jirani atakuletea kuku, nawe usikatae. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Akasema atarudi nyumbani kumwambia mama wa binti kwamba mwanawe ataagwa mchana.

Tumepata habari kwamba jina la binti yake na la mchumba wake limekwisha somwa kanisani mara ya kwanza. Tuwaombee. Nanyi, akina baba na akina mama mlio na kikao cha kamati Jumapili hii, kabla hamjafungua daftari, ulizaneni swali la mzee wa Liganga: katika karamu hii tunayoipanga, ni nani tunayemwibia? Jibu likiwa ni wachumba wenyewe, au mjane wa jirani, basi fungeni daftari, mtafute mti wenye kivuli.